Sufuria ya Mtaa

Sufuria kubwa ya shughuli ilitunzwa kwa Bi Mwantumu, na hakuna harusi mtaani iliyopikiwa pilau bila hiyo. Asubuhi ile aliitoa nje, akaipindua kifudifudi mlangoni, akaikalia.

"Mtoto wa darasa la saba haozwi kwa sufuria hii," akasema.

"Hiyo ni ya mtaa, si ya mamako!" akafoka Shebwana, baba wa bibi harusi. "Unataka kuniaibisha mbele ya wageni?"

Bi Mwantumu akamtazama jirani yake Zamda, akitegemea angalau huyo atamuunga mkono. Zamda akamjia juu kuliko wote.

"Leo ndiyo umepata uchungu? Wangu alipoozwa, na umri huo huo, si ulipika wewe mwenyewe? Au wangu hakuwa mtoto?"

"Nilipika," akasema Bi Mwantumu. "Nikala na ukoko. Basi nichukieni nyote, lakini siinuki."

Wanaume waliokuja kuichukua sufuria wakakunja mikono ya kanzu. Nyuma yao akatokea binti mwenyewe, hina haijamkauka viganjani.

Bi Mwantumu akajisogeza pembeni pale pale juu ya sufuria, akabakisha nafasi ya mtu mmoja.