Ndizi Zinabaki

Meneja wa shirika kubwa la ndege alimsogezea Nambua mkataba wake wa kwanza, juu yake sare yenye mistari ya dhahabu mabegani.

"Hapa mmeandika rubani mpya hakatai safari," Nambua alisema. "Hata ndege ikizidi uzito?"

"Binti, wenzako wanaruka na hawaulizi."

"Basi endeleeni na hao." Akamrudishia vyote, akatoka.

Ng'ambo ya uwanja alifika kwenye kampuni yenye ndege mbili tu; abiria walikuwa wakipimwa kwenye mizani ya mahindi. Karani alikuwa amemzuia mwenye kampuni mwenyewe, mzee aliyeshika kikapu cha ndizi.

"Umezidi kilo nne, bosi. Ndizi zinabaki."

Mzee akamgeukia Nambua kwa hasira. "Na wewe unataka nini?"

"Kazi ya urubani." Nambua akamwondolea kikapu mkononi, akakiweka chini. "Lakini ndizi zinabaki."

Mzee akamkazia macho, bado yuko juu ya mizani, mshale ukitikisika.