Matanga ya Bukama

Florent Ngalamulume alichagua kamba nene, akaifunga kwenye mlingoti kwa fundo lile lile analofungia mbuzi, kisha akajipangusa mikono kama mtu aliyemaliza kazi yake. Kwenye mashua ya pili, Bwana Mkubwa wa teritwari, Mzungu aliyetawala wilaya nzima, naye alichukua kamba nene, akaifunga kwenye mlingoti, akajipangusa mikono.

“Ananichekelea,” Florent alimnong'oneza rafiki yake Zacharie, aliyekuwa naye mashuani. “Anajua yote, njo maana anafanya sawa na minyi.”

“Weye ulisema bongo, uongo ya mayi,” Zacharie akamjibu. “Sasa uikunywe.”

Uongo wenyewe ulisemwa Kamina, nyumbani kwa Florent, wiki ile kamisyo, tume ya serikali, ilipokuja kumkagua. Florent alikuwa karani wa reli, na alikuwa ameomba kadi ya ustaarabu, ile iliyomfanya mtu mweusi ahesabiwe kuwa karibu na Mzungu. Wazungu wa kamisyo walifungua makabati, wakatazama uma na visu, wakanusa choo. Walimwuliza mkewe, Clotilde, kama hula mezani pamoja na mume wake. Clotilde alisema ndiyo, na ilikuwa kweli tangu jana yake.

Ndipo Bwana Mkubwa, aliyeiongoza kamisyo, akauliza, “Na siku ya Mungu, unapumzikaka namna gani?” Alimsemesha Kiswahili, maana aliamini Kifaransa ni cha wenye kadi.

Ukweli ni kwamba Jumapili Florent alivua shati, akaketi mkekani, akala ugali wa bukari kwa vidole, akalala. Jibu hilo lisingempa mtu kadi. Akakumbuka picha iliyotundikwa ofisini kwa mkuu wake: vimashua vyenye matanga meupe, na Wazungu wakicheka ndani yake.

“Tunashindanaka na mashua ya matanga, Bwana,” akasema. “Kule Bukama. Minyi na barafiki.”

Wazungu wengine wakakohoa ili wasicheke. Bwana Mkubwa hakucheka. Alisogeza kiti chake karibu.

“Kweli?”

“Kweli, Bwana.”

“Basi samedi tutaenda wote. Klabu yetu iko na mashua kule. Weye ulete barafiki yako.”

Usingizi wa Florent ulikwisha siku hiyo. Mwongo hapewi kadi, na bila kadi binti yao asingepata nafasi katika shule aliyotamani. Clotilde naye alikwisha kumwandikia dada yake kule Luluabourg kwamba sasa wao si watu wa kupimwa tena.

Basi Jumamosi wakapanda treni, wao na marafiki wa serkle, klabu ya watu weusi waliosoma, wanaume kwa tai na wanawake kwa kofia. Njiani kila mmoja aliagizwa azungumzie upepo. Hakuna aliyejua la kusema juu ya upepo ila kwamba upo, na wakalisema hilo mpaka Bukama.

Sasa walikuwa ukingoni mwa Lualaba. Clotilde na wenzake walikaa kwenye viti walivyotoka navyo nyumbani, na watu wa Bukama walikaa chini, wakitazama viti.

“Weye anza, Florent,” Bwana Mkubwa akaita. “Minyi niko nyuma.”

Florent alipandisha tanga. Ncha nyembamba ikabaki chini na upana ukaenda juu, na hata yeye aliona kuna jambo haliko sawa, lakini mtu aliyesema hushindana kila Jumapili hawezi kuanza upya mbele ya watu. Bwana Mkubwa alikuwa amekwisha kupandisha lake, ncha juu. Alilitazama la Florent kwa muda, akalishusha la kwake, akaligeuza, akalipandisha upya, ncha chini.

Florent aliwahi kuona Wazungu wakali, lakini ukatili wa kumwiga mtu mpaka aumbuke mwenyewe hakuwahi kuuona.

Wakasukumwa majini. Upepo uliosifiwa tangu Kamina ukaja kwa ghafula, mashua ya Florent ikazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, na ya Bwana Mkubwa ikazunguka nyuma yake. Ukingoni watu wa serkle wakapiga makofi kwa adabu. Mama mmoja mwenye kofia ya manyoya akawaeleza wenzake kwamba Ulaya ndivyo wanavyofanya.

Mkondo ukawachukua wote hadi nyuma ya kona ya mto, ukawatumbukiza katika mafunjo. Zacharie, ambaye hakuomba kadi yoyote, alishuka kwenye tope hadi kiunoni na kwenda kutafuta watu wa kuwavuta, akinung'unika kwa Tshiluba.

Wakabaki wawili, kila mmoja katika mashua yake, mashua zimebanana. Kofia ya Bwana Mkubwa ilikwenda na maji. Florent alimfikiria Clotilde kule kitini, akaona heri aseme mwenyewe kabla hajasemewa.

“Bwana,” akaanza, “minyi kweli...”

Bwana Mkubwa alimnyamazisha kwa kidole. Akageuka kutazama kama kuna anayewasikia, akainama karibu mpaka mashua yake ikalala upande.

“Monsieur Florent,” akasema kwa sauti ndogo, “kadi yako iko tayari, nimeisha kutia sahihi. Lakini samedi ingine unionyeshe polepole kidogo, mikono yako inaenda mbio sana. Gavana anakuja mwezi ujao kushindana na minyi, na wakati nilikuwa naomba hii kazi nilimwambiaka kama kwetu Ubelgiji minyi njo nilikuwa champion.”