Mahali pa Kuweka Mlezi

Siku hizo programu zilizoendesha nyumba zote zilijengwa upya kila alfajiri, na mtu ambaye uhusiano wake haukutajwa humo hakufunguliwa mlango. Mahusiano hayo yaliorodheshwa katika faili moja ya vichwa, yaani orodha ambayo kila programu huisoma kwanza, ya lugha ya kompyuta ya C, ndani ya maktaba ya kompaila, chombo cha kujengea programu, iliyotumiwa na nchi nzima. Wakesho alipewa kazi ya kuigawa: ndugu wa damu faili yao, wa ndoa faili yao, wageni faili yao.

Aliifanya kwa makini siku tatu. Likabaki neno moja, mlezi.

"Hili niliweke wapi?" alimuuliza Mwakio, msimamizi wake. "Si wa damu, si wa ndoa."

"Basi ni mgeni. Programu itafanya kazi vilevile."

Ikafanya kazi. Wakesho aliijaribu mara mbili, akaituma. Faili hizo hazingefunguliwa tena kurekebishwa mpaka mwaka mwingine.

Kesho yake Mama Mghoi, aliyemlea Wakesho tangu uchangani na kuishi naye hadi siku hiyo, alitoka kuchuma mchicha. Aliporudi, mlango ulimtaka abishe hodi. Wakesho akamfungulia mwenyewe, akicheka kidogo.

"Una mgeni," nyumba ilisema kwa adabu. "Ataondoka saa ngapi?"

"Haondoki. Huyu ni mama yangu."

"Samahani. Tafadhali taja saa."

Mama Mghoi akaweka mchicha mezani. "Iambie saa kumi, mwanangu. Tusisumbue watu."

Ilipofika saa tisa na nusu, alikuwa amekwisha kuvaa viatu.