Namba Themanini na Saba

Kwa mara ya tatu rubani Dalibor aliigeuza ndege kabla haijafika kijijini Jedľovec, na kwa mara ya tatu mzee Kornel Hudáč akajifanya hakuona.

"Sasa tazama kushoto, mjomba," sauti ya Dalibor ilimwingia kupitia vile vidude vya masikioni. "Ngome ya Spiš hiyo. Watu wanatoka Japani kuja kuiona."

"Mimi nimechunga mbuzi chini yake. Nipeleke nikaone nyumba yangu."

"Upepo wa upande ule si mzuri."

"Upepo gani? Moshi wa kiwandani umesimama wima kama mshumaa!"

Dalibor aliielekeza ndege kwenye ngome nyingine.

Safari hii ilikuwa zawadi ya kutimiza miaka themanini. Walianza na milima ya Tatra, theluji ya kwanza ikiwa imeshashika vileleni, kisha wakazifuata ngome moja baada ya nyingine. Zdenka, bintiye, ndiye aliyelipia. Alimwambia rubani azunguke kwa saa moja na nusu, isipungue. Vlado, kaka yake Zdenka, hakuja. Alisema ameazima lori la kazini na lazima alirudishe jioni. Pale kiwanjani Zdenka alimkumbatia baba yake, akalia. Zdenka huyu huyu ambaye siku ya mazishi ya mama yake hakutoa hata chozi, alikuwa anahangaika na sahani za wageni.

Hapo ndipo Kornel alipoyajumlisha mambo. Wakati wa Pasaka binti alimletea karatasi. "Ni za hospitali, baba, weka saini hapa, na hapa." Miwani haikuonekana, akaweka saini hivyo hivyo. Wiki iliyopita zikaja ndara mpya, nguo za kulalia, hata chupi, zote zimeshonewa kitambaa chenye maandishi: Hudáč 14. Kitanda namba kumi na nne, alijisemea. Wananificha, lakini nakufa.

Kifo chenyewe hakikumtisha sana. Kilichomtisha ni mahali pa kufia. Jirani yake Imrich alipelekwa makao ya wazee mjini, na Kornel alipokwenda kumjulia hali alimkuta amevaa sweta la mtu mwingine, anamwita muuguzi mama. Majira ya baridi hayakwisha, wakamzika. Tangu siku ile Kornel aliapa kwamba yeye atafia themanini na saba, kwenye kitanda alichofia mkewe Žofia. Kule Jedľovec barabara haina jina. Mtu na namba ya nyumba yake ni kitu kimoja, na ukisema unataka kufia themanini na saba hakuna anayekuuliza maana yake.

Nyumba yenyewe alishawaandikishia watoto baada ya mazishi, kama wazee wote wa huko wanavyofanya. Yeye alijibakishia mstari mmoja tu kwenye hati: haki ya kulala humo mpaka siku ya kufa. Mstari huo ulimtosha.

"Dalibor, mwanangu," alisema. "Mwanamume kwa mwanamume. Binti yangu alikuambia nini?"

Rubani alikohoa. "Alisema nisipite juu ya Jedľovec. Eti moyo wako. Ukipaona kwenu kutoka juu, utashtuka."

"Moyo!" Kornel alitaka kucheka. "Kumbe ni moyo! Mimi nilidhani ini, nikaacha pombe tangu Pasaka. Miezi mitano nimekunywa chai bure!"

Dalibor alicheka, kisha akaona kwamba mzee hacheki.

"Nisikilize. Nikishuka humu wananipeleka hospitali, na sidhani kama nitarudi. Paa lile nililiezeka mwenyewe, mke wangu akinipa kigae kimoja kimoja, mjamzito, hasikii la mtu. Nataka kuliona mara moja. Ukininyima hilo, hizi ngome zako za nini?"

Dalibor naye alikuwa na baba.

"Mara moja," alisema mwishowe. "Na binti yako asijue."

"Nani wa kumwambia? Maiti hasemi."

Ndege ililala ubavu, ikakivuka kilima. Kornel alivua kofia bila kujua kwa nini. Kanisa likatokea, kisha bwawa la samaki, kisha barabara ile moja. Akaanza kuhesabu mapaa kuanzia kanisani, kidole juu ya kioo, moyo ukimdunda kama wa kijana anayekwenda kuposa. Dalibor alishusha ndege kidogo, ili mzee afaidi.

"Haya, mjomba, nioneshe. Themanini na saba ni ipi?"

Kidole kilisimama.

Miti minne ya peasi ilikuwa imelala chini. Lori lilikuwa limerudi nyuma mpaka mlangoni, na juu ya nyasi kitanda kilikuwa kimelazwa ubavu, karibu na kabati la vyombo la Žofia. Mtu mmoja alikuwa juu ya paa, anatupa vigae chini. Mwingine, mwenye koti la bluu la Vlado, aliinua uso kuitazama ndege, kisha akauinamisha haraka. Kornel akazikumbuka karatasi za Pasaka, nguo zilizoshonewa namba, na sweta la Imrich.

"Mjomba? Umeiona? Themanini na saba ni ipi?"

"Sijui," Kornel alisema. "Mimi ni kumi na nne."