Uwanja wa Marehemu

Mjane aliporudi kutoka mochwari alimkuta shemeji yake, mdogo wa marehemu, amesimama getini na fyekeo mkononi, jasho likimchuruzika.

"Nimekusafishia uwanja, shemeji. Watu wanakuja kuzika, wasikute pori."

Uwanja ulikuwa mweupe. Kwa miaka sita marehemu alichimbua miche ya kienyeji kandokando ya barabara, ile wanayoiita magugu, akaipanda hapa ili mvua izame ardhini na nyuki wapate pa kurudi. Majirani walimcheka hadi wakachoka. Siku nyuki wa kwanza alipotua, alimwita mkewe kutoka jikoni kwa kunong'ona, kama vile mgeni angeshtuka.

Sasa yote yalikuwa rundo moja, maua ya njano bado hayajanyauka.

Mjane alitazama viganja vya shemeji yake. Vilikuwa na malengelenge, na macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia.

"Asante, shemeji," alisema, akamletea maji.

Shemeji alikuwa bado anakunywa maji hayo, nyuki walipofika. Wakaelea hewani, usawa wa kiuno, pale maua yalipokuwa asubuhi.

"Na hawa," shemeji aliuliza, "wanatafuta nini?"