Mtungi wa Bi Nyamizi

"Mtaa huu hakuna anayenishinda kutengeneza protini ya ubongo!" alijigamba Bi Nyamizi. "Ila tuko wawili tu, na mtungi wa mwenzangu umeoza."

Siku hizi wazee huchachusha nyumbani hamira ya maabara, inayotoa protini ya ubongo wa binadamu kwa ajili ya utafiti. Inasemekana hunoa kumbukumbu, lakini anayeionja hunyang'anywa mtungi.

Mkaguzi wa mitungi akafika, akapima. "Bibi, yako ni ya kwanza wilayani!"

Bi Nyamizi akajipigia vigelegele.

"Na hujaionja?"

"Mie? Hata tone!"

"Sawa. Maana mwezi uliopita ulisahau jina langu mara nne kabla chai haijapoa."

"Acha kunisingizia, Masele mtoto wa Kabula! Zilikuwa mara tano, na chai yenyewe haikuwa na sukari."

Masele akaangua kicheko, akaunyanyua mtungi aondoke nao.