Ghala la Duka la Mawe

Mbaruku hakuwa na ng'ombe, shamba, mke wala ndugu katika Dodoma yote. Alikuwa na mwandiko mzuri tu, na funguo za duka la mawe la tajiri wake aliyekimbia vita.

Mvua ilikuwa imegoma. Boma la Wajerumani lilitaka hesabu ya mtama wote, likalishe majeshi. Askari alingoja jibu barazani.

Ndani, wanawake wa kijiji cha Zuzu walikwisha kuuziba mlango wa ghala la mtama kwa udongo na samadi. Alama za vidole vyao zilikuwa bado mbichi.

"Nikidanganya watanitia kitanzi, bibi," Mbaruku alimwambia mkubwa wao.

"Ukisema kweli tutazika wajukuu," alijibu kikongwe, akipangusa mikono. "Au kalamu yako ni ya kuandikia salamu tu, karani?"

Aliandika: Ghala ni tupu. Akadondosha nta ya lakiri juu ya barua, akagonga muhuri, akamkabidhi askari.